Msimu Ukurasa wa Ng'ombe Ulipoibwa

2 Novemba

Daftari hili nililinunua la kuandikia alama za ng'ombe, lakini kurasa za nyuma hazina kazi. Nitaziandikia siku zangu mpaka mvua ikatike. Bado haijaanza. Mawingu yanapita upande wa Mahalapye na kutuacha tukitazama juu. Ng'ombe wameshainusa: wanainua vichwa na kulifuata wingu, na wakianza hivyo simu yangu haipumziki. Leo wamepotea saba, wameonekana wawili.

Nilikuwa karani wa alama za mifugo miaka ishirini na sita. Nilipostaafu nikafungua ukurasa mtandaoni. Aliyepotelewa ananitumia alama, aliyeona ng'ombe mgeni ananitumia picha, mimi nawakutanisha. Wanaoufuata sasa ni watu elfu ishirini na tatu. Hapa Lephutse wananiita Mma Tumo wa Ng'ombe. Jina lenyewe silichukii.

3 Novemba

Joto. Wanne.

6 Novemba

Wifi yangu Kesaobaka ameingia jikoni bila hodi. Ua wetu ni mmoja, nyumba mbili. Yeye ana mwavuli wake pale kituo cha mabasi, anatengeneza simu na kuuza vocha.

"Wifi, paswedi yako ni ipi siku hizi?"

"Ya nini?"

"Usinitajie! Nauliza tu kama ni ile ile, Ditiro na mwaka wa harusi."

Nikageuza phane, viwavi wa kukaanga, kwenye kikaango.

"Ile ile," akasema. "Na ya barua pepe?"

"Kesaobaka, phane zitaungua."

"Na ya benki? Jamani! Mtu mzima, ufunguo mmoja wa mlango, wa choo, wa zizi na wa sanduku. Hata marehemu kaka yangu angecheka, na yule hakuwa mtu wa kucheka."

"Marehemu mwache alale."

Akasema wiki hii ameletewa simu tatu za watu walioibiwa akaunti zao. Akasema nimpe dakika kumi aniwekee kufuli ya pili. Nikamwambia kesho. Alikuwa na neno lingine, nikamkatiza kwa kumuuliza kama ameshakula.

Ditiro alipofariki, miaka minne iliyopita, Kesaobaka aliwataka wale ng'ombe sita wa kaka yake, na wazee wakaamua ni wangu. Tangu siku hiyo kila anachoniambia nakisikia kama mkono unaopapasa mfukoni mwangu.

11 Novemba

Hakuna mvua. Tisa. Mmoja alikuwa zizini kwa mwenyewe, hakumhesabu vizuri.

15 Novemba

Imenyesha! Saa mbili nzima. Watu walitoka nje wakasimama kwenye maji kama watoto.

Jioni alikuja Rra Letlhogile. Ana miaka sabini na minne, anaishi peke yake karibu na kisima. Ng'ombe wake mwekundu mwenye tumbo jeupe hakurudi jana, naye ndiye pekee anayekamuliwa pale kwake. Akaanza kunitajia alama, nikammalizia mimi: L, nusu duara chini yake, paja la kushoto. Niliiandikisha kwa mkono wangu miaka kumi na tisa iliyopita.

"Wewe kichwa chako ni kabati," akasema.

Nimemweka kwenye ukurasa.

17 Novemba

Mvua. Kumi na wawili.

20 Novemba

Zahanati, foleni ndefu. Nikiwa pale Mma Boipelo, mwalimu wetu wa kwaya, aliniandikia kwamba ametuma namba za usajili wa kongamano la kwaya kwenye simu yangu kwa makosa, nimrudishie haraka. Kweli zilikuwa zimeingia, namba sita. Nimemtumia. Shinikizo la damu limeshuka kidogo.

21 Novemba

Ukurasa unakataa kufunguka. Unasema neno la siri si sahihi. Nimejaribu mpaka ukanifungia. Labda ni mtandao, mvua ilipiga sana.

22 Novemba

Si mtandao.

Baada ya ibada niliazima simu ya mwimbaji mmoja, nikautafuta ukurasa wangu kama mgeni. Jina ni langu. Picha ni yangu, ile ya kofia ya bluu. Chini yake kuna ng'ombe kumi na wanne "waliopatikana jana", na wote nawajua: ni picha za mwaka juzi, ng'ombe waliokwishachukuliwa na wenyewe, wengine wameshaliwa. Kila picha ina namba ya simu nisiyoijua, na maneno kwamba kwa sababu ya mvua kila mwenye ng'ombe atume pula mia sita za malisho na lori, kisha aletewe mpaka nyumbani. Mwishoni wameandika "Mungu awabariki sana." Sijawahi kuandika hivyo maishani mwangu. Mimi huandika "Asante, mje na kamba."

Mmoja wao ni mwekundu mwenye tumbo jeupe. Si wa Rra Letlhogile, alama ni nyingine kabisa. Ila kwa mzee mwenye macho mabovu na simu iliyopasuka, ng'ombe mwekundu ni ng'ombe mwekundu.

Nilijua ni zile namba sita. Nilijua pale pale.

Mwenye simu akaniuliza, "Kuna nini, Mma Tumo?"

"Kuna hitilafu kidogo," nikasema. "Itakaa sawa."

23 Novemba

Nimejaribu tena asubuhi, mchana na jioni. Sijamwambia mtu. Nikiupata leo au kesho, hakuna atakayejua kwamba Mma Tumo wa Ng'ombe amedanganywa kama kuku anayeitwa kwa mtama.

24 Novemba

Rra Letlhogile alikuja saa tatu asubuhi amevaa koti lake la kanisani. Mkononi alikuwa na kamba mpya.

"Mma Tumo, dumela. Lori litapita huku au nikangojee barabarani?"

Nikajua. Hata hivyo nikauliza, "Lori lipi, Rra?"

"La ng'ombe wangu. Si umeandika amepatikana? Nimetuma zile mia sita."

Nilimkaribisha kiti. Hakukaa. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: namba sita, ukurasa, picha za zamani. Aliizungusha kamba kiganjani, taratibu, mpaka ikaisha.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Siku mbili zilizopita."

"Mimi nimetuma jana."

Nikasema nitamlipa. Akasema, "Sikukuuliza pesa," akavaa kofia akatoka. Hakulifunga geti. Rra Letlhogile hajawahi kuacha geti la mtu wazi.

Nimekaa jikoni mpaka mchana. Mwizi alimdanganya mzee yule, ndiyo. Lakini ile jana, kutwa nzima, mwizi alikuwa na msaidizi, na msaidizi mwenyewe ni mimi na aibu yangu.

25 Novemba

Leo nimefanya vibaya, acha niandike kama ilivyokuwa.

Nilikwenda mazoezi ya kwaya na kumkabili Mma Boipelo mbele ya watu wote. Tumeimba pamoja miaka thelathini. Alishika mkono wangu Ditiro alipokuwa anashushwa kaburini.

"Umeniuza kwa nani?" nikamwambia. "Namba zangu umempa nani?"

Uso wake ukawa kama majivu. "Namba gani?"

Nikamwonyesha ujumbe. Aliusoma, kisha akakaa kwenye benchi la sauti ya pili, ingawa yeye ni wa sauti ya kwanza.

"Siye mimi, Mma Tumo. Akaunti yangu ya ujumbe waliichukua tarehe kumi na nane. Waliniuliza namba hivyo hivyo, kwa jina la binamu yangu wa Francistown."

"Tarehe kumi na nane! Mimi wameniuliza ishirini! Siku mbili ulikuwa wapi?"

"Nilifikiri nitaipata kabla hamjajua," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye nawafundisha nyimbo. Ningesemaje kwamba nimedanganywa?"

Nilimwita mwoga. Nilimwita na jingine ambalo sitaliandika. Nikatoka.

Nilipofika kisimani ndipo maneno yake yakanirudia. Nilifikiri nitaipata kabla hamjajua. Neno kwa neno ndivyo nilivyowaza mimi. Tofauti yetu ni kwamba yeye alinifichia mimi, na mimi nimewafichia watu elfu ishirini na tatu.

26 Novemba

Nimekwenda kwenye mwavuli wa Kesaobaka. Njiani nilijiandaa kuchekwa, hata majibu nilikuwa nayo.

Alikuwa anafungua simu ya dereva mmoja. Akanitazama mara moja tu, akamwambia dereva, "Kaka, rudi saa tisa." Akaukunja mwavuli. Sijawahi kumwona akiukunja mchana.

"Lini?" akauliza.

"Ishirini."

"Wifi! Siku sita! Mficha maradhi, kilio humuumbua. Uliwapa namba?"

"Niliwapa."

"Hilo ndilo neno nililokuja nalo siku ile, ukanijaza phane. Namba ikiingia kwenye simu yako ni yako peke yako. Mama yako akikuomba, hapana. Mimi nikikuomba, nipige na mwiko." Kisha akashusha sauti. "Benki umebadilisha?"

Sikuwa nimebadilisha. Akanikalisha kwenye ndoo aliyoigeuza, tukaanza na benki. Akaniambia nitunge maneno manne yasiyohusiana, yasiwe na jina la mtu wala mwaka, kisha akageuka akatazama mabasi ili asione ninachoandika. Hicho ndicho kilichonishangaza. Alinigeuzia mgongo kabisa.

Pesa za benki zipo. Ukurasa ndio mgumu. Wameng'oa namba yangu ya simu wakaweka yao. Njia iliyobaki ni barua pepe, nayo inalikataa lile neno langu la kila mahali; sikumbuki niliandika nini, kwani niliifungua siku moja tu na sikurudi tena.

"Uliifungua kwa simu gani?"

"Ile ya zamani, ya kioo kilichopasuka."

"Iko wapi?"

"Nadhani kwenye kapu la vifungo vya nguo."

"Nadhani," akasema. "Haya, tukafukue kapu."

27 Novemba

Mvua usiku kucha. Umeme hakuna. Simu ya zamani imelala kwenye chaji isiyo na umeme.

28 Novemba

Umeme umerudi saa sita mchana. Simu imewaka, kioo kama utando wa buibui, lakini barua pepe imo, wazi, kama mtu aliyesahauliwa nyumbani akiwa amelala. Na kati ya matangazo mia tisa kulikuwa na barua ya tarehe ishirini: neno lako la siri limebadilishwa, kama si wewe bonyeza hapa.

Kesaobaka hakubonyeza. Kwanza alisoma anwani ya aliyetuma, herufi moja moja, kwa kidole. "Wezi nao wanaandika barua za hivi," akasema. Aliporidhika ni ya wenye mtandao ndipo akaniambia nibonyeze mimi. Wakataka picha ya kitambulisho changu, Omang, na picha ya uso. Nilipigwa picha tatu. Zote nimekunja uso.

"Tabasamu basi."

"Niliyeibiwa nitabasamu nini?"

Tukacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka naye. Sasa tunangoja.

30 Novemba

Kesaobaka aliniambia kungoja si kazi, watu bado wanatuma pesa. Nikaenda kwa kgosi, chifu wetu, kuomba nafasi kwenye kgotla, baraza la kijiji. Akanipa leo.

Nilisimama mbele ya watu kama mia mbili. Kuna mkojo wa mbuzi pale mahali pa kusimama, nikawa naangalia nisiukanyage. Nikasema: "Ukurasa wa ng'ombe umeibwa. Nilimpa mwizi ufunguo kwa mkono wangu nikidhani nampa rafiki. Nikajua tarehe ishirini na mbili, nikanyamaza. Msitume pesa. Mtu akijiita mimi, nipigieni mnisikie sauti."

Kijana mmoja mwenye mali akapaza sauti, "Mma Tumo wa Ng'ombe leo ni Mma Tumo wa Wezi!" Wakacheka. Mwingine akasema mbona siku zote nilijidai najua kila kitu. Ni kweli, nilijidai.

Kisha mwanamke wa upande wa nyuma akasimama, ana duka la nguo. Akasema naye waliichukua akaunti yake ya ujumbe mwezi wa nane, hakumwambia hata mumewe. Mumewe alikuwa amekaa kwenye viti vya mbele, akageuza shingo yake yote. Akasimama mwalimu. Akasimama polisi, polisi mwenyewe, akasema ya dada yake, lakini alivyoona haya tulijua ni yake. Kicheko kikaisha.

Waliotuma pesa kwa jina langu ni kumi na mmoja. Polisi ameandika majina. Akasema wazi tusitegemee sana.

Rra Letlhogile alikuwepo.

1 Desemba

Hakuna jibu la ukurasa. Nimepiga magoti nikasali, halafu nikaona aibu kumwomba Mungu paswedi.

3 Desemba

Nimekumbuka kwamba kabla ya ukurasa kulikuwa na simu ya mezani na kalamu. Nimepigia maboma ya serikali ya ng'ombe waliookotwa, moja baada ya jingine, kama zamani. La nne, mwendo wa saa mbili kutoka hapa, karani akasema: jike mwekundu, aliletwa tarehe kumi na tisa, alama haisomeki, yumo kwenye mnada wa kesho kutwa.

"Tumbo je?"

"Mama, ana matope mpaka masikioni."

Nimekwenda kwa Rra Letlhogile mwenyewe. Nilisimama nje ya geti mpaka aliponiona. Akasema, "Na kama siye?"

"Kama siye, tutakuwa tumetembea bure."

Akafikiri. "Nitabeba kamba," akasema.

4 Desemba

Mvua ilitunyeshea njia nzima nyuma ya gari la mkaa.

Karani wa boma ni kijana mpole, alifuata sheria: bila alama hakuna kutoa ng'ombe, hata ukilia. Manyoya yamekuwa marefu, na alama ya zamani inapotea chini yake. Nikamwomba maji na mkasi. Nikaingia ndani ya kibanio cha ng'ombe, viatu vikabaki kwenye matope, nikaosha paja la kushoto na kukata manyoya kidogo kidogo. Mikono ilijua kazi kuliko mimi. Ilianza kutokea L. Kisha kovu, nikadhani nimekosea. Nikakata tena, chini zaidi. Nusu duara.

"Njoo uguse," nikamwambia Rra Letlhogile, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri.

Akapitisha kidole. Mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akaweka paji la uso wake kwenye ubavu wa ng'ombe akabaki hivyo. Karani akajifanya anatafuta kitabu.

Njia ya kurudi akasema neno moja tu, tulipokaribia kijiji. "Ungesema ile siku ya kwanza, nisingekuona hapa umelowa hivi."

Sijui kama ni kunilaumu au kunisamehe. Nadhani na yeye hajui.

9 Desemba

Ukurasa umerudi! Kesaobaka alipiga ukelele mpaka mbwa wakabweka. Tumefuta ng'ombe wote wa uongo. Tumewafukuza waliokuwa wameingia, wanne. Tumeweka neno jipya, lisilofanana na la benki wala la barua pepe, na ile kufuli ya pili. Namba za akiba za kurudia ndani nimeziandika kwenye karatasi, na karatasi iko mahali ambapo hata daftari hili sitaliambia.

Nikaandika yaliyotokea, tarehe zote, na zile siku za kunyamaza. Sikuandika Mungu awabariki.

Watu elfu nne wameondoka.

10 Desemba

Nilikwenda kwa Mma Boipelo na bakuli la madila, maziwa ya mgando. Alifungua mlango nusu.

"Nilikuita mwoga," nikasema. "Nilikuwa najiita mwenyewe."

"Na lile jingine?"

"Lile jingine nalo."

Akalichukua bakuli. Mlango ukafunguka robo zaidi, lakini si wote. Akasema kwenye kwaya, aliyoiacha tangu siku ile, atarudi akiwa tayari.

25 Desemba

Krismasi. Mvua. Kwaya bila Mma Boipelo ni gari lenye magurudumu matatu. Tumechinja mbuzi mmoja kwa nyumba zote mbili, Kesaobaka na mimi.

8 Januari

Watano. Mtu akanipigia asikie sauti yangu kwanza, halafu ndiyo akataja ng'ombe. Vizuri.

17 Januari

Watu wameanza kuja getini wenyewe badala ya kuandika. Leo Jumamosi walikuwa kumi na tisa. Kesaobaka ameuhamishia mwavuli wake kwetu siku za Jumamosi, ameweka sheria: kwanza kufuli ya pili kwenye simu yako, halafu ng'ombe wako. Yule kijana mwenye mali, wa "Mma Tumo wa Wezi", akagoma.

"Mimi nimekuja kwa fahali, sijaja kwa somo."

"Basi fahali wako akusubiri huko alipo," Kesaobaka akamwambia. "Na paswedi yako ni jina la gari lako, kila mtu anaijua."

Akaondoka amenuna. Baada ya saa moja akarudi kwenye foleni.

24 Januari

Niliwaza kuhusu wale ng'ombe sita wa Ditiro. Jana nilimwambia Kesaobaka achague wawili. Akasema, "Unanilipa?" Nikasema hapana, nakuambia jambo lililochelewa miaka minne. Akaenda nyumbani kwake. Leo asubuhi nilimwona zizini akiwakagua meno.

14 Februari

Mvua zinaelekea kukatika. Leo getini walikuwa thelathini na moja. Wengi hawana ng'ombe hata mmoja, wamekuja kwa Kesaobaka tu. Bibi mmoja wa kutoka mbali alikuwa amekaa pembeni, simu ameifunga kwenye leso, hataki kumwonyesha mtu. Nilimsogelea akainamisha kichwa. Kesaobaka naye akajaribu. Bibi akaikaza leso zaidi.

Ndipo geti likalia. Mma Boipelo. Hakunitazama. Akavuta kiti, akakaa mbele ya yule bibi, na kwa ile sauti ya kwanza ambayo hupita ukuta wa kanisa akasema:

"Mama, mimi ni mwalimu wa kwaya. Waliniibia tarehe kumi na nane Novemba, nikanyamaza siku saba. Kumi na wawili waliibiwa kwa sababu yangu, na huyu hapa alikuwa wa kwanza. Wewe wamekuibia lini?"

Bibi akaifungua leso.

"Leo asubuhi," akasema.

"Leo!" Mma Boipelo akasimama. "Kesaobaka, njoo mbio. Huyu amewahi."